Barua Iliyokatikia Kwenye Kitanda

Jumamosi, Julai 1981. Baridi ya kutetemesha meno, na hapa Kaloleni hatujaona jua tangu Jumatano.

Leo nimeenda kumchungulia dada yangu Nekesa kwa masista.

Naam, kuchungulia. Mama alinituma kumsalimia tu, lakini nilikuwa na shauri langu. Nekesa yuko na masista Wabenediktini mwaka wa pili sasa, na wiki tatu zilizopita alituandikia barua. Ni mzima. Nafula, yaani mimi, nisiguse koti lake la kijani (nimeshalivaa, potelea mbali). Halafu mwishoni: "Mama, na kile kitanda changu". Basi. Hakuna nukta, hakuna jina lake.

Mama alipiga vigelegele. Kwake ilikuwa wazi: Nekesa anarudi, kitanda chake kimngoje. Tangu aondoke hakuna aliyeruhusiwa kukilalia, na sasa shuka zinafuliwa kila Jumatatu, ole wangu nikae hata ukingoni! Mimi nalala chini kwenye godoro, na baridi yote hii. Nami niliwaza mabaya zaidi. Niliamini kuna sista alimpokonya kalamu.

Nikatembea mpaka kule nyuma ya Mukuru, viatu matope matupu. Sista mzee wa mlangoni akanipa chai, kisha akainama kunifuta viatu kwa mikono yake. Niliona haya mpaka masikioni.

Nilidhani masista wanasali tu kutwa nzima. Kumbe! Mmoja alikuwa akifunga kidonda cha mama mmoja wa Mukuru, mwingine akifundisha wasichana cherehani. Na Nekesa, yuleyule aliyekuwa akiunguza ugali nyumbani, alikuwa akikata hostia za parokia, ile mikate myembamba ya misa, kwa kichuma cha mviringo. Akanipa makombo ya pembeni nitafune. Hayana ladha yoyote, na bado niliomba tena.

Kengele ikalia.

Nekesa akaweka kichuma chini, hostia imekatwa nusu, akaenda zake. Hakuniaga! Nami nilikuwa katikati ya kumsimulia Baba alivyogombana na msimamizi wake kule reli. Cherehani ilisimama na sindano bado imo kitambaani. Nikawafuata masista mpaka kanisani kwao, nikachungulia dirishani. Walikuwa wakiimba zaburi, na Nekesa alikuwa na lile tabasamu lake la siku alizokuwa akidokoa sukari. Hilo sikulitegemea.

Aliporudi nikamrukia. "Sasa we Nekesa, hiyo ni adabu gani?"

Akacheka. "Ndiyo desturi yetu, Nafula. Kengele ikilia unaacha ulichoshika, hata kama ni sentensi nusu."

Sentensi nusu! Nikaitoa barua mfukoni. Alipofika mwisho wake alishika mdomo. Kumbe kengele ilimkuta anaandika, akaacha kalamu akaenda kusali. Sista wa barua akapita, akazikusanya zote zilizokuwa mezani akidhani zimekwisha, akazipeleka posta. Na wao huandika nyumbani mara moja tu kwa mwezi, kwa hiyo hakupata nafasi ya kuimalizia.

Nikamwuliza alitaka kusema nini. Hapo ndipo nilipojua kwamba hata mimi nilikuwa nikimngoja arudi.

"Nilitaka kusema, na kile kitanda changu mpe Nafula. Mimi sirudi, mdogo wangu. Nimeshafika kwangu."

Njia nzima nililia, watu wakinitazama.

Jioni hii nimemwambia Mama, neno kwa neno. Hakulia. Alilikunja godoro langu, akalipandisha juu ya kabati, akarudi jikoni kusonga ugali.

Sasa naandika nimekaa kwenye kitanda cha Nekesa. Shuka zinanukia sabuni. Karibu miaka miwili nimekitamani kitanda hiki, na sasa Mama mwenyewe amenipa.

Mbona naitaka sakafu yangu?