Pijo ya Mwalimu Mkuu na Mashine Iliyongoja Mahindi

Maganzo,
Jumapili mchana, likizo ya Juni.

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Shikamoo na Mama, ambaye najua amekaa pembeni yako na ungo wa maharage, akikwambia usome polepole. Mimi huku sijambo, ila mabega yananiuma na vidole vimekuwa vyeusi kama vya mtu aliyemenya ndizi mbichi siku nzima. Je, mguu wa Bibi umepata nafuu? Yule ndama mwekundu amekubali kunyonya? Pamba mmemaliza kuvuna au bado? Nijibuni yote, hata la ndama.

Baba, ndani ya bahasha hii kuna fomu imekunjwa mara mbili. Nakuomba usiikunjue kwanza. Soma barua mpaka mwisho, ndipo uitazame.

Tulipokaribia kufunga shule, sisi wa kidato cha nne tulipewa fomu za kuchagua tutakakokwenda baada ya mtihani. Najua wewe ulisema nesi. Padri alisema nesi. Hata kondakta wa basi aliyenipandisha pale Ushirombo alisema, "Mtoto mpole hivi, huyu nesi." Mimi nikaandika ufundi wa magari. Mwalimu Mkuu, na kile kilemba chake kirefu, aliitazama fomu yangu kama mama aliyekuta mfupa kwenye uji.

"Leokadia," akasema, "muhuri wangu siupigi juu ya maneno matupu. Nionyeshe kwanza kazi ya mikono yako."

Nikajikuta nimejibu, "Mwalimu, niachie gari lako wakati wa likizo. Nitaling'arisha."

Gari lenyewe ni Pijo ya buluu, ingawa ubuluu huo ulikuwa umebaki kwenye kadi ya gari tu. Jua la Shinyanga lilikuwa limeipausha ikafanana na sketi zetu za shule zilizofuliwa miaka minne. Nilijiamini kwa sababu Mjomba Masanja ananyoosha bodi za magari hapa Maganzo, na likizo ningekuwa kwake. Mama anamjua kaka yake. Ni mtu mwema, lakini hana jambo dogo.

Ikawa hivi: Mwalimu Mkuu ataleta gari Jumatatu, alichukue Jumamosi. Mjomba asimamie, kazi niifanye mimi.

Tulianza na kuchagua mashine. Mjomba alikuwa amenyoosha pikapu ya mwenye duka la vifaa mjini Shinyanga, na badala ya malipo aliambiwa achague moja kati ya mashine mbili za kupigia polishi. Ya kwanza ilikuwa ndogo na nyepesi. Ilikuwa na kitufe cha kubadili mwendo, na pedi yake ilizunguka kwa viduara vidogo vidogo kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Ya pili ilikuwa nzito, ina mpini pembeni na pedi ya manyoya ya kondoo, na ilikuwa na mwendo mmoja tu, mwendo wa hasira. Nilisoma vijitabu vyao vya Kiingereza pale pale dukani nikamtafsiria Mjomba: kubwa ni ya mikono iliyozoea, humaliza kazi upesi na huchoma rangi upesi, ndogo ni ya mtu anayejifunza.

"Kwa hiyo hii ndogo ni ya kujifunzia," akasema Mjomba.

"Ndiyo, Mjomba."

"Mimi nimeshajifunza." Akaiwasha ile kubwa. Risiti za mwenye duka ziliruka, na paka wake akatoka kwa mlango wa nyuma. Mjomba alitabasamu kama aliyesikia ngoma ya kwao. "Umesikia, ng'wanawane? Mashine isiyonguruma utajuaje kama inafanya kazi?"

Ng'wanawane ni mwanangu. Mama atakueleza jinsi neno hilo linavyotumika kumnyamazisha mtu.

Jumatatu gari likafika, na Mjomba akasema ataliosha yeye. Sabuni haipatikani, kama mnavyojua. Basi alichota maji kwenye pipa la jirani yake Ndulu, mchimbaji wa almasi, ambaye huoshea chekeche zake humo, akalisugua gari kwa kipande cha gunia. Nilimwambia kijitabu kinataka maji safi na kitambaa laini, tena mara mbili, kwa sababu punje moja ya mchanga ikibaki itaandika jina lake juu ya gari zima.

"Aliyeandika hicho kijitabu anakaa karibu na mto," alinijibu.

Gari lilipokauka, mlango wa dereva ulikuwa na mikwaruzo mingi, na mmoja kati yake ulikuwa mrefu kama kiganja changu. Ndulu na wenzake wanne walikuwa wamesimama pale wakitazama. Mjomba aliona haya, na ili afiche haya yake akasema kwa sauti, "Huu si mkwaruzo wa mchanga. Huu umekatwa na almasi."

Baba, Maganzo neno hilo halitajwi ovyo. Ni sawa na kutaja nyoka kanisani. Wote watano wakasogea karibu.

"Masanja," Ndulu akauliza polepole, "maji uliyooshea yalitiririkia upande gani?"

Mjomba akamwonyesha kwa kidole. Kosa lake la kwanza lilikuwa gunia, hilo likawa la pili. Ndulu na wenzake wakaondoka bila kuaga, wakarudi na sepetu.

Kosa la tatu lilifuata kesho yake. Umeme wetu tunaupata kwa Mzee Lushu, mwenye mashine ya kusaga unga hapa ubavuni. Injini yake ya dizeli inazungusha kinu, na mkanda wa pili unazungusha dainamo. Mjomba aliunganisha waya, akasema atanionyesha kidogo tu kisha ataniachia. Nilimsomea masharti: usikandamize, usikae mahali pamoja, jihadhari na kingo kwa sababu rangi pale ni nyembamba. Mjomba alikandamiza, akakaa mahali pamoja, na pahali penyewe palikuwa ukingo wa madigadi ya mbele. Kabla sijamaliza kusema "Mjomba", harufu ya rangi iliyoungua ikatufikia, na doa jekundu la rangi ya chini likachomoza, kubwa kama kizibo cha soda. Polishi nayo iliruka ikampata mke wake, Mama Kulwa, aliyekuwa anapita na sinia la viazi.

"Baba Kulwa, unapaka gari au unanipaka mimi?"

"Nataka mng'are wote," akajibu, lakini sauti haikuwa na nguvu. Alizima mashine, akakaa juu ya tairi, akalitazama lile doa. Mwishowe akanisogezea mashine kwa mguu. "Chukua. Mimi nitaangalia wachimbaji."

Baba, nilitaka kulia. Niliona muhuri wa Mwalimu Mkuu ukirudi mkobani. Lakini nilikwenda kwenye mlango mbovu wa gari lililokufa, nikaanza kujaribia hapo kama kijitabu kinavyoagiza. Mashine ilinivuta huku na huku kama fahali aliyeshikwa mkia. Mara sauti yake ikashuka. Ikaacha kunguruma, ikawa inanung'unika tu, na chini ya pedi rangi ikaanza kung'aa vizuri. Nikadhani imeharibika. Nilipoinua kichwa, nikaona mwanamke anamimina debe la mahindi kwenye kinu cha Mzee Lushu. Injini ilikuwa imelemewa, dainamo ikapunguza mwendo, na mashine yetu ikapoa. Mahindi yalipokwisha, hasira zikarudi.

Basi tangu hapo nilifanya kazi kwa mahindi. Debe likimiminwa, nawasha. Debe likiisha, nazima na kupangusa pedi. Tatizo ni kwamba si kila saa watu wanasaga. Mama Kulwa, polishi ikiwa bado kwenye kilemba chake, akapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wanawake wenzake wasingoje Ijumaa, siku yao ya kusaga. Wakaja. Wakapanga foleni pale kinuni, shingo zimegeukia kwetu.

"Mama Shija, mimina taratibu! Binti hajamaliza mlango!"

"Mimi nimeleta mtama, utafaa?"

"Mtama mwepesi, injini haiusikii! Kaa nyuma, mahindi yapite!"

"Kumbe mahindi yangu ndiyo yamefanya boneti? Hebu nijione." Mwenye mahindi akaja kujitazama, akarekebisha khanga, akarudi kwenye foleni akitamba.

Mzee Lushu alisema tangu azaliwe hajaona watu wanasaga unga ili gari ling'ae.

Nilifunga turubai juu ya gari kama kibanda ili jua lisikaushe polishi. Waya niliupitisha begani usiguse rangi. Nilifanya sehemu ndogo ya ukubwa wa sinia, juu kwa chini kwanza, kisha nikikatisha, na kila mpito ukilalia kidogo uliotangulia. Ule mkwaruzo mrefu ulinichukua mchana mzima wa Alhamisi na foleni yote ya ukoo wa Mama Shija. Nilipotaka kukandamiza ili nimalize haraka, nilisikia sauti yako, Baba, kama uko nyuma yangu: "Usikandamize. Chuma hakijakukosea." Ndivyo ulivyokuwa ukiniambia kila Jumamosi, uliponipa kipande cha shati lako la zamani na majivu uliyoyachekecha, tuifute baiskeli kwa ajili ya Misa ya kesho yake. Nilipungua miaka kumi pale pale, nikaendelea polepole.

Jana asubuhi Mwalimu Mkuu akashuka kwenye basi. Mimi nilikuwa nimeinamia gari tangu Jumanne, sikuwa nimetazama chini. Nilipovuta turubai, Pijo ilikuwa ya buluu, buluu kweli, na ilikuwa imesimama juu ya kisiwa. Pande zote nne kulikuwa na mashimo. Moja lilikuwa na ngazi. Mjomba, aliyesema ataangalia wachimbaji, alikuwa amewaangalia tu.

Mwalimu Mkuu alisimama ukingoni. "Masanja, gari langu litatokaje hapo?"

"Limeng'aa, Mwalimu," alisema Mjomba.

"Sikuuliza kama limeng'aa." Akawageukia wachimbaji. "Nani amechimba haya?"

Baba, hawa ni watu wanaoshuka ardhini kwa kamba. Wote walificha sepetu migongoni kama watoto wa darasa la kwanza.

"Kila mtu afukie shimo lake. Sasa hivi!"

"Mwalimu," Ndulu akaomba, "imebaki futi moja tu, naiona dalili..."

"Ndulu! Mimi nilikufundisha darasa la nne. Hata wakati ule ulikuwa unachimba tu, ila ulikuwa unachimba pua."

Udongo ulianza kurudi ardhini kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kuiona Maganzo. Walipomaliza upande mmoja, Mwalimu Mkuu akavuka, akalizunguka gari akilipitishia leso. Alipofika kwenye madigadi ya mbele akakuta kofia ya Mjomba imewekwa pale, kama ya mtu aliyeisahau. Mjomba alitazama mbinguni. Mimi niliitazama kofia, nikaufikiria muhuri. Kisha nikaiondoa.

"Mwalimu, hapa tuliunguza. Mashine ilikaa mahali pamoja. Rangi ikishatoka hairudishwi kwa polishi, lazima papakwe upya."

Mjomba akakohoa. "Hakuna 'tuliunguza'. Niliunguza mimi."

Mwalimu Mkuu aliligusa doa kwa leso. Kisha akauliza uko wapi ule mkwaruzo aliosimuliwa habari zake tangu stendi. Nilikwenda kwenye mlango wa dereva nimwonyeshe. Niliinama, nikatafuta, nikapapasa kwa kidole. Sikuuona, Baba. Naye akainama, badala ya mkwaruzo akaona kilemba chake kimekaa upande, akakinyoosha humo humo mlangoni.

"Nani amekufundisha kwenda hivi, juu kwa chini kisha kukatisha?"

"Baba yangu, Mwalimu."

"Naye ni fundi magari?"

"Hapana. Ana baiskeli."

Alifungua mkoba, akatoa muhuri. Mjomba akamkaribisha aweke fomu juu ya boneti, Mwalimu akamkaripia, "Usiniharibie gari!" akaupiga juu ya debe la Mama Shija.

Almasi haikuonekana. Ndulu anasema ni kwa sababu Mwalimu Mkuu aliwahi mno.

Nisalimie Bibi, umwambie mguu auweke juani asubuhi. Nisalimie kaka yangu Deo anayechunga ng'ombe, Shangazi anayeuza chumvi gulioni, na Katekista aliyenifundisha kusoma. Mama Kulwa anamsalimu Mama na anauliza kitu gani kinatoa polishi kwenye kilemba. Mjomba anasema, "Mwambie shemeji yangu Msumbwa kwamba mashine niliichagua mimi." Nimekuandikia kama alivyosema.

Sasa Baba, kunjua fomu. Muhuri utauona chini. Juu yake kuna mstari wa sahihi ya mzazi, nimeweka nukta ndogo ya penseli mahali pa kuanzia. Nilipoandika ufundi wa magari, niliacha nafasi pembeni inayotosha neno nesi, endapo utaona ni lazima. Sitanung'unika. Ila kabla hujashika kalamu, nakuomba utoke nje kidogo, uitazame baiskeli.

Mimi binti yako mtiifu, mwenye vidole vyeusi,
Leokadia