AI ya Mwalimu na AI ya Ng'ombe

Matwebe, Rungwe

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na baba, kikohozi kimemwachia? Mimi mwanao ni mzima. Baridi ya huku nimeizoea, sasa navaa sweta moja tu.

Kwenye simu nilipotaja ng'ombe ulicheka kabla sijaanza. Basi soma yote.

Wiki niliyoripoti, mwenyekiti wa kijiji alinitambulisha mkutanoni: "Huyu ni mwalimu wetu mpya. Amesomea kompyuta na AI." Alimaanisha akili mnemba. Jumamosi asubuhi nafungua mlango, namkuta mjane mmoja, Mama Tumpe, kashika kamba ya ng'ombe.

"Mwalimu, yuko tayari tangu jana jioni. Mpandishe."

"Nimpandishe wapi?"

Akanishangaa. "Si umesomea AI?"

Kumbe kwa wafugaji AI ni kumpa ng'ombe mimba kwa mrija, bila dume! Nilitaka kucheka, nikaona macho yake. Ng'ombe ni huyo mmoja tu, alishakosa mimba mara mbili, na siku ile ikipita angesubiri wiki tatu nyingine.

Nikampigia mtaalamu wa mifugo aliyeko Tukuyu. Akasema mvua imeharibu njia, pikipiki yake haipandi huku juu.

"Basi utusubiri kwenye barabara kubwa," nikamwambia. "Tunakuletea."

Mama Tumpe akavuta kamba, mimi nikasukuma kwa nyuma. Nilianguka kwenye tope mara tatu, na gauni ulilonishonea halitamaniki tena, unisamehe. Lakini tulifika. Mtaalamu alipomaliza kazi na kusikia kisa chetu, alicheka mpaka akakaa chini. "Una bahati, mwalimu. AI ni mafua ya ndege pia. Angeweza kukuletea kuku!"

Mama, miezi tisa ikapita, na wiki iliyopita ng'ombe kazaa ndama jike! Mama Tumpe alikuja mbio mpaka darasani, akanikumbatia mbele ya wanafunzi. "Ndaga fijo, mwalimu, ndaga fijo!" Kinyakyusa hicho, yaani asante sana, asante sana. Tukaruka sote, darasa zima. Leo kaniletea maziwa na mkungu wa ndizi, nikamwambia ni vingi mno, akajifanya hasikii.

Nisalimie baba, shangazi Mwanahawa fundi cherehani, na mdogo wangu Salum. Mwambie asome, mtihani wa darasa la saba si mchezo.

Na ile fomu ya uhamisho uliyokuwa ukiniulizia, mama, jana nimewashia mkaa.

Mwanao akupendaye,
Zaituni