Nimewafia Wanangu Mara Mbili

Mpendwa Shangazi wa gazeti, ingawa kwa umri wewe ni mjukuu wangu, naomba msaada kabla sijaondoka: nimeficha kwamba mimi ndiye niliyetangaza kifo changu, na lawama anabebeshwa mkwe wangu, mke wa kitindamimba.

Nilifundisha hisabati, sasa mapafu yamechoka, napumua kwa mpira wa puani, nikaona niache mambo yamenyooka, nikaandika programu ya kompyuta, kwa lugha ya Python, ya kuwatumia wanangu ujumbe, “Baba ametutoka, njooni,” nikaiwekea swichi, --tuma, ili mkwe aandike --tuma True nikishafumba macho, nami nikitaka kuijaribu tu nikaandika --tuma False, yaani usitume, kumbe wapi, ujumbe huo ukaenda, adhuhuri ua umejaa vilio, mwanangu mkubwa kaingia na jeneza kwenye pikapu, nami niko barazani nakunywa uji!

“Baba, nani kafanya haya?”

Nikakohoa. Kompyuta ilikuwa mapajani mwa mkwe, nimempa aizime.

“Ana haraka na nyumba huyu!” wakasema wifi zake.

Juzi ujumbe ukaenda tena. Sasa mkwe anafungasha nguo. Nifanyeje?

*

Mzee wangu, pole kwa mapafu. Kwa mengine sina pole.

Mwalimu mzima! Uliandika type=bool, yaani swichi ipokee kweli au si kweli, sivyo? Basi Python haisomi maana ya neno ulilolipa, inatazama tu kama umeandika chochote. “False” si utupu, kwa hiyo kwake ni ndiyo. Hata ungeandika “Sithubutu”, ungekufa vilevile. Futa hiyo, weka action="store_true": ukitaja --tuma, inatuma; usipoitaja, inatulia. Hakuna True wala False ya kuandika.

Ila nyumbani kwako mambo ni kinyume. Huko ulinyamaza, na kimya chako kikamhukumu mtoto wa watu.

Tena kuna kitu hakiniingii akilini. Mara ya kwanza, sawa, ajali. Ya pili je? Mtu aliyeliona jeneza lake haigusi swichi ile kwa bahati mbaya. Waite wote leo, mkwe akae ubavuni pako, useme kwa mdomo wako. Programu iache.

*

Shangazi, nimewaita, wamekuja. Mkwe amefungua begi, kaniongezea mto, kanuna bado.

Nimewaambia hivi: mara ya kwanza niliamini False itazuia. Mara ya pili nilishajua haizuii, nikaiandika vilevile. Mlikuwa mmeondoka wote, na nyumba ilikuwa kimya.