Ama Tunaishi Bure, Ama Tunadaiwa Kodi

Ghorofa ya Pili, Nambari 41,
Lochee, Dundee.
9 Novemba 2023

Mpendwa Baba Mkubwa Dougal,

Katika barua hii nitatetea dai moja: kodi ya nyumba inayolipwa kwa ruzuku ya serikali ni kodi kamili, na mwenye nyumba anayeikataa kwa kuona haya hana haki ya kumfukuza mpangaji kwa kutolipa. Nimelitanguliza dai mbele ya salamu ili usije ukadhani nakunyemelea.

Sasa salamu. Nakuamkia kwa heshima, wewe na Mama Mkubwa Coral. Natumaini goti lako limepona tangu ulipofanyiwa upasuaji, na kwamba joto la Adelaide halijaanza kuwasumbua. Sisi huku ni wazima, isipokuwa Mama, ambaye nyonga zinamtesa tangu baridi iingie. Ngazi za kuja kwetu anazipanda kwa kupumzika. Hata hivyo amenituma nikwambie kwamba anakuombea. Sikumwuliza anakuombea nini.

Habari za kazi yangu unazijua. Kampuni iliyoniajiri kuandika mazungumzo ya michezo ya kompyuta ilifungwa mwezi Agosti. Tuliambiwa asubuhi, na mchana tukabeba vikombe vyetu tukatoka. Kwa kuwa nina shahada ya falsafa ya daraja la kwanza, nilijua nitapata kazi nyingine kabla majani hayajaanguka. Majani yameanguka. Nimeomba hata kazi ya kupanga makopo dukani, na huko wakaniona nimesoma mno.

Ndipo nikaenda ofisi ya ruzuku. Sikwenda kuomba sadaka. Baba alikatwa mchango katika mshahara wake tangu ujana hadi alipofariki, nami nimekatwa tangu siku niliyoanza kazi, kwa makubaliano kwamba anayepoteza kazi atasaidiwa chakula na kodi ya nyumba. Kilichotakiwa ni kitu kimoja tu: uthibitisho kwamba nyumba hii tunaipanga kwako kweli.

Hapo ndipo lilipotukuta neno lako la zamani. Siku tuliyomzika Bibi, tukiwa kwenye ukumbi wa klabu tunakula mikate ya matanga, Baba alikuomba mwandikiane mkataba. Ulicheka mbele ya wafiwa wote, ukamshika mkono, ukasema, "Innes, karatasi ni za watu wasiojuana. Sisi ni akina Soutar." Baba aliona fahari kubwa. Tangu hapo, hadi mshahara wangu ulipokatika, kila Ijumaa Mama alipeleka kodi taslimu kwa Shangazi Rhona, dada yako, kama ulivyoagiza, naye humkaribisha chai na kipande cha keki. Risiti hakuna, kuiomba kungekuwa tusi. Hata Baba alipofariki, Ijumaa iliyofuata Mama alikwenda.

Nilipokupigia simu nilikuomba saini tu. Ulinijibu kwamba jina la Soutar haliwezi kuonekana kwenye makaratasi ya ombaomba, kwamba katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kula jasho la wengine, na kwamba kijana aliyesoma kama mimi angepaswa kuona aibu. Tulibishana vikali. Hata hivyo nilikata simu nikiamini kwamba ukishapoa utasaini, kwa sababu wewe ni kaka wa baba yangu.

Wiki iliyofuata niliitwa ofisini. Msichana anayeshughulikia shauri letu alikuwa amekupigia mwenyewe, naye alinieleza akitazama meza. "Mwenye nyumba anasema mnaishi bure, kama ndugu," alisema. "Anasema hajawahi kuwatoza kodi. Sasa kaka, mimi nitalipa nini?" Nilimshukuru nikaondoka, mimi ambaye Mama husema nabishana hata usingizini.

Nilijaribu kukutetea. Nilijiambia kwamba labda swali hukulielewa, au labda unaogopa watu wa mamlaka ya mapato. Kisha ikaja notisi ya wakili wako, ikitudai kodi ya tangu Septemba na kututaka tuhame kabla ya Krismasi. Mama aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaiweka chini ya birika la chai. "Kaka yake Innes hawezi kufanya hivi," alisema. "Ni huyo wakili tu." Anakuamini hata sasa, Baba Mkubwa. Lakini ameanza kuzifunga sahani za Bibi kwa magazeti, na nikimwuliza anasema anazikinga na vumbi.

Nilikwenda kwa Shangazi Rhona nikamwomba aseme jambo moja analolijua, kwamba fedha zile alizipokea kwa mkono wake. Alitazama dirishani, akasema hataki kuingia kati ya ndugu. Keki alinikatia.

Aliyesema ni Bi Netta Gow wa nyumba ya chini, yule aliyekuwa mpishi wa shule mliyosoma wewe na Baba. Nilipomsimulia kwamba katika ukoo wetu hakuna aliyekula cha serikali, alicheka hadi akashika ukuta. "Dougal? Mwanangu, Dougal kala maharage ya serikali mpaka akaota masharubu." Akanieleza kwamba kiwanda cha magunia ya juti kilipompunguza Babu kazini, kodi ya nyumba hii hii, kabla hujawanunulia wazazi wako, ililipwa kwa msaada. Shuleni, watoto waliolipiwa chakula na wazazi walikuwa na tiketi za buluu, na wa msaada walikuwa na za njano. Wewe ya njano uliificha kiganjani, naye aliipokea kama anayekupa mkono, ili wenzako wasione. "Sijamwambia mtu mpaka leo," alisema, "na leo ni kwa sababu nimeudhika."

Sikuandikii haya ili nikuaibishe. Katika tiketi ya njano hakuna aibu. Hilo ndilo dai langu lote. Mtoto alikuwa na njaa, akala, akakua, akavuka bahari, akafanikiwa hadi akawanunulia wazazi wake nyumba waliyokuwa wakiipanga. Nimesoma vitabu vingi vinavyojadili wajibu wa taifa kwa raia wake, na sijakutana na hoja iliyo bora kuliko maisha yako. Kinachoniuma ni kwamba ulipokuwa na shida palikuwa na mkono uliokusitiri, na zamu yako ya kusitiri ilipofika, mkono uleule uliompa Baba mbele ya wafiwa ndio unaotusukuma mlangoni.

Wasalimie binamu zangu, Brodie na Tamsin. Mwambie Tamsin kitabu alichoniazima kipo salama. Mungu ambariki Mama Mkubwa Coral na bustani yake, na goti lako likubebe miaka mingi.

Jumapili ya kwanza ya Desemba tutakusanyika kwa Shangazi Rhona kama ilivyo desturi, na baada ya chakula utapiga simu ya video, nayo itaegemezwa kwenye bakuli la matunda ili wote tukuone. Safari hii usituulize hali ya hewa. Ofisini ulisema tunaishi bure. Kwa wakili ulisema tunadaiwa kodi. Ikiwa tunaishi bure, hatudaiwi chochote, basi iondoe notisi. Ikiwa tunadaiwa kodi, sisi ni wapangaji wako, basi tia saini. Sitaki jibu la barua, wala la kuninong'oneza mimi peke yangu. Chagua moja kati ya hayo mawili, Baba Mkubwa, ulitamke kwa sauti, mbele ya Shangazi aliyezipokea fedha na mbele ya Mama, ambaye nitamketisha kiti cha mbele.

Mtoto wa Innes, anayekupenda bado,
Struan Soutar