Neno Radhi kwenye Ukurasa wa Mwisho

Bagamoyo, Jumanne. Mawingu tangu asubuhi, mvua hainyeshi, joto linabana. Sina raha.

Mwezi wa tatu huu natafsiri tamthilia ya kale ya Kiingereza, na kilichonishinda ni ukurasa wa mwisho. Kijana anapiga magoti mbele ya baba yake anayekata roho, anaomba msamaha. Baba anamjibu mstari mmoja tu, kisha anakufa. Niliandika, "Nimekusamehe, mwanangu." Nikajiona fundi.

Leo mazoezini Mzee Shomari, anayeigiza huyo baba, kagoma kuutamka. "Kusamehe anasamehe jirani uliyemkanyaga mguu," akaniambia mbele ya watu. "Mzazi anatoa radhi. We mtoto wa Mlingotini hulijui hilo?"

Nalijua. Ndiyo maana nalikwepa.

Siku baba yangu alipofariki nilikuwa Dar, jukwaani, simu nimeizima. Maziko yalikuwa yawe baada ya adhuhuri. Mama akawaomba watu wasubiri hadi alasiri. Sikutokea. Nilifika kesho yake. Mama hakunigombeza, alisema tu, "Tulikungoja." Nikaona haya, nikaacha kwenda kijijini kwetu Mlingotini. Miaka sita! Mjinga mkubwa mimi.

Basi leo baada ya mazoezi nikaenda kwa mama. Dada yangu, anayemuuguza, alishanionya kwamba mama hatambui watu tena. Nikajidanganya kuwa mimi atanijua. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba vizuri kabisa, kisha akauliza mgeni katokea wapi. Nikapiga magoti pale pale mkekani.

"Mama, niwie radhi."

Akanishika bega kwa upole. "Mimi na wewe hatujakoseana, baba. Nikuwie radhi kwa lipi?" Akamwambia dada aniletee chai.

Nikainywa. Ningefanya nini?

Nimerudi nyumbani, nimefuta ule msamaha wangu, nimeandika, "Nimekuwia radhi, mwanangu." Mzee Shomari ataridhika. Watu watalia, na yule kijana wa kwenye tamthilia atainuka na radhi zake. Namwonea wivu, Wallahi, mtu wa kwenye karatasi.

Kesho narudi Mlingotini. Ila sijui nimwombe Mungu amrudishie mama kumbukumbu, au amwache hivyo hivyo. Maana akinikumbuka mimi, ataikumbuka na ile alasiri.