Saling Hana Kazi, Yuko Nyumbani Tu

Lipata Norte,
Kalumpangan,
Iloilo.
30 Mei 2018

Mpendwa Manang Paning,

Nakusalimu kwa heshima ya mdogo kwa dada yake mkubwa, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Ungekuwa karibu ningeushika mkono wako niuweke kwenye paji la uso wangu, ijapokuwa najua ungeuvuta na kuniambia nisikuzeeshe.

Hujambo huko Bologna? Goti linaendeleaje? Na yule bibi unayemtunza, bado anakataa dawa mpaka umwimbie? Barua yako ya Februari nimeisoma mara nne. Ile habari ya majirani wa bibi kukuletea suruali zao uzipunguze urefu ilinichekesha sana, hasa ulivyoimaliza haraka haraka ukisema ni kidogo tu, za kupitishia muda. Habari hiyo nitairudia, usidhani imenipita.

Sisi huku wazima. Mvua zimeanza, mpunga umeshasiwa. Nanay Ising mama yako ana nguvu kuliko mimi, wiki iliyopita nimemkuta juu ya ngazi anachuma majani ya malunggay ya mchuzi. Nilipomgombeza alinijibu kwamba yeye hakuniuliza umri wake. Nikamshikia ngazi.

Sasa nije kwenye lile uliloniagiza. Uliniandikia nimzuie Rowena mdogo wako asiende Hong Kong kufanya kazi za nyumbani, maana wewe mwenyewe unajua kulea watoto kwa simu kulivyo. Manang, kumzuia Rowena kwa maneno ni kutwanga maji kwenye kinu. Pasi ya kusafiria anayo, wakala kashamtafutia mwajiri. Aliniambia wazi kwamba akipata nafasi darasa la ushonaji hapa chuoni atabaki na wanawe, asipopata ataondoka mwezi wa saba. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kungojea mwaka wa pili huu. Nikamwahidi nafasi. Nikaahidi kabla sijajua kwamba darasa lenyewe liko karibu kufungwa.

Unajua kazi yangu chuoni siku hizi ni kufuatilia wahitimu. Mafunzo yanalipiwa na wafadhili wa Manila, na sharti lao ni moja: miezi sita baada ya kumaliza, katika kila darasa la watu ishirini na watano, angalau kumi na watano wawe na kazi katika fani waliyosomea, tena kwa ushahidi. Wakipungua, darasa hilo linakatwa. Wachomeleaji vyuma walinipa raha, ishirini na mmoja wamechukuliwa na viwanda vya meli. Wapishi nao walivuka. Washonaji nikapata wanne. Wanne, Manang! Nilihesabu mara tatu, wakabaki wanne.

Nilikuwa nimewatafuta kwa simu. Nusu ya namba zilikuwa zimekufa, si unajua watu wetu, ikija ofa mpya wanabadili laini kama soksi. Waliopokea niliwasomea swali la kwenye fomu, kama wameajiriwa au la, na wote wakanipa jibu moja kwa sauti ya aibu. Hapana, Madamu, niko nyumbani tu. Nami nikawa naandika: hana kazi, hana kazi, hana kazi. Ningemwambia nini Rowena? Na wewe?

Mkuu wetu wa chuo, Bwana Escalona, si mtu mbaya, ila anaogopa aibu kuliko homa. Aliniita, akafunga mlango, akanipa karatasi kumi na moja zilizokwisha sainiwa. Kompare wake, aliyembatizia mwana, ana duka la nguo mjini na amekubali kuandika kwamba ameajiri wahitimu wetu kumi na mmoja. Kazi yangu ni kujaza majina tu. Akaniambia kompare ni kompare, na hakuna mtu atakayepanda basi kutoka Manila kuja kuhesabu cherehani.

Nisikufiche, nilizichukua. Zilikaa kwenye mkoba wangu siku tatu, na siku moja niliandika hata majina mawili. Halafu nikamkumbuka marehemu baba, alivyokuwa akisema njia ya mwongo ni fupi, nikaona haya, nikazirudisha mkobani. Sikumalizia kuzijaza wala sikuzichana. Ndivyo nilivyokuwa siku ya fiesta, sikukuu ya San Isidro mtakatifu wetu, ilipofika.

Siku hiyo nilialikwa kula kwa Saling Dumancas, mmoja wa wahitimu wangu wa kukaa nyumbani. Nilikwenda mapema, mikono mitupu, nikimhurumia, nikijiuliza maskini atatulisha nini. Nikakuta mlangoni foleni ya wasichana wa kucheza ngoma ya maandamano, mavazi ya kijani na dhahabu, huyu mkono umefumuka, yule zipu imekwama. Ndani hapakuwa na kiti cha kukalia, kila kiti kimelaliwa na nguo. Saling yuko katikati, pini mdomoni, anashona kiuno cha msichana aliyesimama juu ya kreti la soda. Alinipungia kwa kiwiko.

Nilimuuliza mavazi yale kashona nani. Akatoa pini moja moja mdomoni ndipo akajibu, ni wao tu, yeye na Edna na wenzao wa darasani. Yeye anakata, wenzake wanachukua vipande wanakwenda kushona kila mtu kwake. Ya mtaa huu tu? Hapana, ya mitaa sita. Nilimuuliza tena, nikidhani amechoka kuhesabu. Sita. Na kwenye kona, Manang, yalikuwa marobota ya kitambaa cheupe na cha buluu yamefika dirishani: sare za shule, maana zinafunguliwa Juni.

Hasira zikanipanda, hasira za kumpenda mtu. Nikamwambia, "Saling, mimi nilikupigia simu. Nilikuuliza kama una kazi. Mbona uliniambia uko nyumbani tu?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua ina maji. "Si nipo nyumbani, Madamu? Cherehani si hiyo hapo dirishani?"

Kwake yeye, na kwa wote wale, mwenye kazi ni mtu mwenye bosi, mwenye kitambulisho kinachoning'inia shingoni. Mwanamke anayeshona sebuleni huku anakoroga uji wa mtoto, huyo hana kazi, anasaidia saidia. Na kujitaja kwamba wewe ni fundi ni majivuno, watu watakusema. Lakini ningemlaumu nani? Mimi mwenyewe nikibeba sufuria nzima ya tambi kwenda kwa watu, nikiulizwa nimeleta nini, nasema kidogo tu, samahani. Nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, na bado nikaamini simu.

Basi nikala nyama ya nguruwe ya Saling, nikala tena, na kesho yake nikaanza mguu kwa mguu. Nilimchukua Kapitan Badong, mwenyekiti wa mtaa wetu, ili aweke saini yake kwenye kila nyumba. Ni wakati mzuri wa kutafuta watu huo, fiesta humrudisha kila mtu kwao na hakuna anayekufungia mlango. Ubaya wake ni kwamba hakuna anayekuruhusu kuondoka bila kula. Siku nne, nyumba ishirini na tatu. Kapitan alilegeza mkanda matundu mawili. Mimi sitasema niliulegeza mangapi.

Sikuuliza tena kama wameajiriwa. Niliuliza wiki hii umeshona nini, na unamshonea nani. Hapo ndimi zikafunguka! Wengine walinivuta mpaka chumbani wanionyeshe. Nilipiga picha ya kila mtu na cherehani yake, na daftari la wateja kama analo. Nikapata kumi na saba. Sita kweli hawashoni, mmoja kajifungua juzi, mmoja aliniambia bila kupepesa kwamba alikuja darasani kwa sababu nyumbani kwake kuna mama mkwe. Wawili wako Hong Kong. Nikaandika hivyo hivyo, bila kupamba.

Zile karatasi za kompare nilimrudishia Bwana Escalona pamoja na ripoti yangu. Aliisoma yote, akazitia karatasi kwenye droo, akakohoa. Kisha akauliza kama kwa Saling ile nyama imebaki.

Usidhani yaliishia hapo. Wafadhili walikuwa wameshapata hesabu yangu ya kwanza, walipoona wanne wamekuwa kumi na saba ndani ya wiki mbili wakashtuka, na ni haki yao. Wakamtuma Madamu Villacruz, mama mmoja mkavu, miwani minene, hacheki. Yeye alipanda basi kutoka Iloilo mjini, tena peke yake. Akachagua jina kwenye orodha kwa kufumba macho na kuweka kalamu, na kalamu ikaangukia kwa Saling. Nikamshukuru San Isidro kimoyomoyo. Ningejua ningenyamaza.

Tulifika bila kutoa habari. Saling alikuwa kwenye cherehani, akaruka kutafuta viti, akaficha marobota nyuma ya pazia kwa aibu ya nyumba kuwa shaghalabaghala. Madamu Villacruz akafungua fomu, akasoma swali kama lilivyoandikwa. "Bi. Dumancas, umeajiriwa?"

Na Saling, huyo huyo, mbele ya macho yangu, akashika ncha ya aproni yake akasema, "Hapana, Madamu. Niko nyumbani tu."

Manang, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa nimeapa kutomfundisha mtu la kusema, nikamwona yule mama akiinamisha kalamu kwenye kisanduku cha hapana, na pale kwenye ncha ya kalamu nikamwona Rowena na sanduku lake, na wanawe wawili wamesimama kituoni.

Ndipo mlango ukasukumwa, hata hodi hakuna. Alikuwa mke wa muuza samaki, ameshika kiuno. Alisema hii ni mara ya tatu anakuja, shule ziko karibu kufunguliwa, wanawe wataenda uchi? Kwa nini za jirani yake zimetoka na zake bado, au kwa sababu jirani yake ana kimbelembele? Saling akamwomba radhi, akavuta pazia, na robota zima likamporomokea miguuni mgeni.

Madamu Villacruz aliiangalia ile milima ya sare. Kalamu ikasimama. Akamuuliza mke wa muuza samaki yeye ni wa ngapi. Saling akajibu kwa niaba yake, mbele yake wapo sitini na wawili, ila zake zimebaki vifungo tu. Yule mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaonyesha pindo la sketi yake lililokuwa likining'inia tangu asubuhi, akauliza kama Saling anaweza kumtengenezea sasa hivi kabla hajapanda basi.

"Naweza, Madamu," Saling akasema kwa adabu zote. "Baada ya hao sitini na wawili."

Alicheka yule mama! Alicheka mpaka akakaa juu ya sare. Akaruka kisanduku cha hapana, akaandika ndiyo, akaweka saini. Aliondoka na pindo lake linaning'inia vile vile.

Barua yao imefika jana. Darasa linaendelea miaka miwili mingine, na fomu mpya itakuwa na swali langu, umeshona nini na unamshonea nani. Rowena anaanza tarehe kumi na moja Juni. Nilipompelekea habari alikuwa anafua, akaendelea kufua shati lile lile hadi nikamnyang'anya. Yule wakala kashaambiwa atafute mtu mwingine. Lala usingizi, Manang, hayuko tena njiani.

Bado moja. Nikitafuta kumbukumbu za zamani kabatini nimeikuta rejista ya ushonaji ya mwaka 1996, karatasi zimeliwa na mende pembeni. Jina lako ni la tatu. Epifania Salcedo, alama tisini na nne. Safu ya mwisho imeandikwa "Yuko wapi sasa", na ni tupu kuanzia juu mpaka chini. Ninyi hakuna aliyewatafuta. Mlimaliza, mkapigwa picha, mkatawanyika. Niliwajaza niliowajua. Kwako Nanay Ising aliniambia niandike yuko ng'ambo, anatunza wazee, na nilikuwa nimeshaweka kalamu. Nikakumbuka zile suruali za majirani, na lile neno lako, kidogo tu. Nikaacha kuandika, nikalia pale kwenye vumbi, machozi mazuri lakini. Halafu nikaandika: Bologna, anashona. Katika fani aliyosomea: ndiyo.

Sasa unidhamini. Nitumie picha yako ukiwa na cherehani, na uniambie ni suruali za watu wangapi, maana mimi bila ushahidi siandiki, na nimeshaandika.

Nanay Ising anakusalimu, na anasema soksi ulizotuma ni nene mno anaivalisha miguu ya meza. Rowena na wanawe wanakusalimu, mkubwa kang'oka jino la mbele. Kapitan Badong anakusalimu kupita kiasi, mambo yenu ya zamani mnayajua wenyewe. Mpe bibi salamu zangu, anywe dawa.

Mungu akulinde kwenye baridi hiyo, San Isidro abariki goti lako, na mwaka usiishe hatujakaa meza moja.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukininunia,

Merlinda

Tena, ole wako unijibu kwamba ni chache tu. Hesabu, Manang.