Upepo wa Shimo la Saba

Kijiji cha Ikola,
Wilaya ya Tanganyika,
Mkoa wa Katavi.
15 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Salvatori,

Salamu nyingi kutoka ziwani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Lindi, pamoja na shemeji yangu Getrude na watoto. Je, kifua cha Getrude kimepona? Mwezi wa Mei dada yetu Paskalia aliniambia kwamba alikuwa akikohoa sana, nami nimekuwa nikimtaja katika sala zangu, ingawa huenda hukulitazamia hilo. Na watoto wanaendeleaje na masomo? Nasikia mkubwa ameshakupita kwa kimo.

Sisi huku tu wazima. Shemeji yako Helena anakusalimu; ameketi mlangoni akichambua mchele, na kila mara ananiuliza nimefika wapi. Magoti yangu yananiuma asubuhi, kisha jua likipanda yananyamaza. Macho bado yanasoma bila msaada. Leo ni sikukuu ya Kupalizwa kwa Bikira Maria, na nimetoka kanisani nikiwa nimeamua kwamba sitakula mchana kabla ya kumaliza barua hii.

Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu baada ya miaka kumi na mmoja. Ningeweza kupiga simu. Namba yako Paskalia alinipa zamani. Lakini maneno niliyokukosea nayo niliyasema mbele ya watu, kwa sauti ya darasani, nami sioni kama yanafaa kusahihishwa kwa simu ambayo hukatikakatika. Nakuomba usome polepole hadi mwisho.

Nianze na kiwanja. Bado kipo palepale ufukweni, hakina ukuta wala geti, na kila mwenye fimbo ya gofu anaruhusiwa kucheza, kama alivyotaka marehemu mzee Obadia alipotupimia mashimo yale tisa kwa hatua zake mwenyewe. Ziwa limepanda sana miaka hii. Shimo la kwanza ulilolizoea sasa liko majini. Nimewahi kuona samaki wakipita juu yake, maji yakiwa maangavu kama hewa. Tumelihamishia juu, karibu na shamba la mihogo la mchezaji mwenzetu Ubaldo, naye anasema mipira yetu inamsaidia kupalilia.

Asubuhi nyingine nakwenda huko peke yangu kabla ya watu kuamka. Ng'ambo, milima ya Kongo inaonekana kama kitu ambacho mtu amekiwaza tu, hajakimaliza. Upepo wa kusini unakuja juu ya maji, unalaza majani, unayainua, unayalaza tena. Nikipiga mpira siusikii ukianguka. Huning'inia pale juu kwa muda, kama unafikiri, kisha upepo huuchukua unakotaka. Ndugu yangu, katika maisha yangu nimependa vitu vinavyotii kanuni, na sijui ni kwa nini napenda mahali pale ambapo hakuna kinachonitii.

Desturi ya dagaa nayo ingalipo. Akina mama wanaendelea kuwaanika juu ya nyavu kuukuu, upande wa chini wa kiwanja, na mpira ukiangukia kwao mchezaji anavua viatu, anaomba ruhusa, kisha anamgeuzia mwenye dagaa mstari mmoja mzima kabla ya kuuchukua mpira wake. Hakuna anayesamehewa. Mwaka jana daktari mmoja mgeni kutoka Mpanda mjini aligeuza mistari mitatu kwa siku moja, akaondoka akinukia kama sisi.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Unalikumbuka shindano la Nanenane ya mwaka 2013 kuliko ninavyolikumbuka mimi. Tulibaki wawili, tukiwa sawa kwa mapigo, tumefika shimo la saba. Mpira wako ulikuwa hatua mbili kutoka shimoni, juu ya lile duara linalolizunguka shimo, la mchanga uliochanganywa na oili chafu ili ushikane. Mimi niliing'oa bendera ya shimo iliyokuwa ikivutwa na upepo, nikageuka kuichomeka kando. Nilipogeuka tena, mpira wako ulikuwa hatua moja, nawe umesimama karibu nao.

Nilisema kwamba umeusogeza kwa mguu. Ulinijibu kwa upole, "Ni upepo, kaka." Nami nikakuuliza, watu wote wakisikia, ni upepo gani huo unaoijua njia ya kwenda shimoni. Watu wakacheka. Nilipenda walivyocheka. Kisha nikasema neno lile moja ambalo sitaliandika hapa, neno ambalo mtu hamwiti mtoto wa mama yake.

Zuleha, mama muuza dagaa, aliinuka kwenye nyavu zake akasema ameona, ni upepo. Nilimwambia asiye na fimbo hana ushahidi, ashughulike na dagaa wake. Uliilaza fimbo yako mchangani, ile uliyojitengenezea kwa chuma cha springi ya lori, ukaenda zako. Siku ya tatu ulikuwa ndani ya basi. Na tulipomzika Mama ulikuja, ukashika jembe, ukafukia, ukaondoka bila kulala nyumbani kwangu. Nilijiambia kwamba ni kiburi chako. Nilijiambia hivyo kwa miaka mingi.

Sasa nikueleze la wiki iliyopita.

Siku ya Nanenane tulicheza kama kawaida. Alfajiri vijana walimwaga oili mpya kwenye maduara yote na kuyasawazisha kwa bomba zito, kama wanavyofanya siku hiyo tu kwa mwaka. Siku nyingine, unajua, mchanga huwa umejaa nyayo, na upepo hauwezi kuusogeza mpira. Upepo uliamka mapema. Kufikia saa nne ulikuwa na nguvu kiasi kwamba kuku walitembea kwa ubavu. Nilicheza na Ubaldo. Yeye alipiga vizuri, mpira wake ukatua juu ya duara la saba, hatua tatu hivi kutoka shimoni. Wangu ulipanda, ukasita juu ya vichwa vyetu, ukaenda kwa dagaa wa Zuleha.

Ubaldo alifurahi sana. Alitangaza kwamba Mwalimu anakwenda kusahihisha dagaa. Yeye mwenyewe aliketi mbali, chini ya kivuli cha kibanda, akafungua chupa yake ya maji.

Nilivua viatu, nikaomba ruhusa. Zuleha alinionyesha mstari mrefu kuliko yote, ule ulio kando kabisa ya duara. Mgongo wangu haukubali tena kuinama, kwa hiyo nilipiga magoti, nikaanza kugeuza.

Salvatori, sijawahi kuutazama ulimwengu kutoka chini namna ile. Huko chini upepo una umbo. Dagaa walimetameta mbele yangu kama maji mengine yaliyolala nje ya maji. Chembe za mchanga zilikuwa zikitiririka juu ya mchanga, nyembamba kama moshi, zote zikielekea upande mmoja, na nikaona kitu ambacho mtu aliyesimama hakioni: duara la saba limeinama. Limeinama kidogo sana, kuelekea shimoni. Sikuwa nikifikiri lolote. Nadhani nilikuwa kama mtu aliyesinzia macho yakiwa wazi.

Ndipo mpira wa Ubaldo ulipotetemeka. Hapakuwa na mtu karibu nao. Ulitetemeka, ukatulia, ukatetemeka tena, kisha ukaanza kwenda, taratibu mno, kama mtoto anayetoka kanisani kwa kunyata. Ukasimama. Upepo ukavuta pumzi, ukausukuma tena. Uliposimama mara ya mwisho ulikuwa hatua moja kutoka shimoni, au pungufu.

Zuleha alikuwa nyuma yangu. Akasema, "Umeona?"

Nikasema, "Nimeona."

Akasema, "Basi geuza na mstari ule mwingine. Huo ni wa mwaka ule."

Niligeuza. Sikuharakisha. Alipoona machozi yamenishika alisema kwamba oili chafu inawasha macho, nami nilimshukuru kwa uongo huo.

Ubaldo alirudi, akaukuta mpira wake, akaanza kuapa kwamba hakuugusa, maana ananijua. Nilimwambia kwamba kanuni iko wazi: mpira uliosogezwa na upepo hupigwa kutoka pale ulipo. Aliupiga, ukaingia. Nilipokuwa nikiusikia ukigonga chini ya shimo, nilielewa kwamba nimempa Ubaldo kwa sekunde moja kile nilichokunyima wewe kwa miaka kumi na mmoja.

Tulipokusanyika kibandani baada ya mchezo, niliomba kusema. Nilieleza yote, kuanzia bendera hadi mstari wa pili wa dagaa. Nilisema kwamba mdogo wangu hakudanganya na kwamba nilimsingizia kwa kuwa nilitaka kushinda. Hakuna aliyecheka safari hii. Kisha nikaazima kisu cha samaki cha Zuleha, nikaenda kwenye ubao wa washindi, nikalikwangua jina langu la mwaka 2013, mwaka niliohesabiwa mshindi kwa kuwa wewe uliondoka. Rangi ile niliipaka mwenyewe wakati ule, kwa herufi nzuri. Ilichukua muda kutoka.

Ubaldo, ambaye ndiye mwenyekiti sasa, alitaka tuandike jina lako papo hapo. Wazee wa mchezo wakakataa, nami nilikubaliana nao. Unaijua desturi: mshindi huandika jina lake kwa mkono wake, hakuna anayemwandikia. Zaidi ya hayo, mimi ni mtu wa haki hata pale inaponiuma, na ukweli ni kwamba hukushinda. Hukushindwa pia. Mchezo ule haukumalizika. Bado shimo la saba, la nane na la tisa.

Kwa hiyo ubaoni kuna nafasi tupu. Mgeni akiuliza, anaambiwa kwamba mwaka huo bado unachezwa.

Fimbo yako sikuitupa. Siku ile niliiokota mchangani, nikaiweka kabatini nyuma ya vitabu, nikamwambia Helena kwamba naitunza isije ikamkata mtu. Jana niliitoa, nikaipaka mafuta. Chuma chake hakijashika kutu. Ulikuwa fundi mzuri hata ulipokuwa ukicheza.

Sikuombi usahau. Naomba radhi, Salvatori. Nimekukosea mbele ya watu, na mbele ya watu nimekiri. Sasa nakiri mbele yako. Kama hutaki kunijibu, nitaelewa, na nitaendelea kumtaja Getrude katika sala zangu, na wewe pamoja naye.

Lakini kama utakuja, njoo kabla ya mvua za Novemba. Basi la kutoka Mpanda sasa linafika hadi hapa kijijini. Chumba cha uani kimepakwa chokaa, na kitanda ni kile ulichokuwa ukilalia Mama alipokuwa hai.

Nisalimie sana Getrude na watoto, mmoja mmoja kwa jina lake. Paskalia nitamwandikia kesho. Asijue kutoka kwa watu kabla hajajua kutoka kwangu. Ubaldo anakusalimu na anasema kwamba uje na mipira, yetu imeisha ziwani. Zuleha anakusalimu pia. Ameniagiza nikuandikie kwamba yeye alisema tangu siku ile.

Mungu awalinde nyote, awape afya, na akuongoze njiani.

Nimeweka jiwe jeupe juu ya duara la saba, hatua moja kutoka shimoni, pale mpira wako ulipokuwa. Kila asubuhi naenda kuangalia kama bado lipo. Hakuna anayeligusa, na upepo haujaweza kulisogeza. Ni zamu yako kupiga.

Ni mimi nikupendaye, ingawa nilikosa kukwambia,
kaka yako,
Kassiani